Mashine ya Chai na Kalamu ya Binti

Wiki chache zilizopita tulipokea barua ya mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Soin, kaunti ya Kericho. Binti yake amemaliza kidato cha nne na ataka kusomea usanifu wa michoro: nembo, mabango, kadi za harusi, vifungashio vya bidhaa. Mama ameridhia. Baba amekataa, wala hakukataa kwa ukali. Alisema tu kwamba yeye mashine imekwisha kumtoa kazini mara moja, na hana nguvu ya kulipa karo ili ije imtoe na mwanawe. Mama atuuliza: je, mume wangu ana haki?

Jawabu jepesi lilikuwa tayari ulimini mwetu, kwamba elimu haimtupi mtu. Tulilimeza. Baba huyu hasemi kwa ujinga. Asema kwa aliyoyaona.

Kwa wasomaji wetu wa pwani wasioijua nchi hiyo, Soin iko chini, upande wa joto, penye miwa na mahindi. Ukipanda kuelekea mji wa Kericho, na kutoka hapo hadi Bomet, ndipo yanapoanza mashamba ya chai. Watu wa chini wamezoea kupanda huko kutafuta kibarua cha kuchuma, wakilipwa kwa kilo. Mashine za kuchumia zilipoanza kuingia katika mashamba ya kampuni kubwa, wafanyakazi walipinga. Mwaka 2010 chama chao kiliitisha mgomo kwa sababu hiyo. Mashine zikaongezeka vivyo hivyo. Kikosi kazi cha kaunti ya Kericho kilieleza mwaka 2023 kwamba ajira zipatazo 30,000 zilikuwa zimepotea katika muda wa miaka kumi. Mwezi wa Mei mwaka huohuo waandamanaji wakachoma moto mashine kadhaa, na mtu akapoteza maisha.

Lipo jambo moja katika habari hii ambalo wanaowapa vijana moyo hawapendi kulitaja. Mchumaji hodari huchukua majani mawili na kichipukizi chake, akaliacha jani gumu. Mashine hukata kila kilichofikia kimo chake. Tofauti hiyo yajulikana, na wakulima wadogo wanaopeleka majani katika viwanda vya KTDA wangali wakichuma kwa mkono kwa sababu hiyo. Lakini katika mashamba makubwa ubora wa mkono haukumwokoa mwenye mkono. Kampuni zilipiga hesabu ya gharama, na jani lililo hafifu kidogo likaonekana latosha.

Sasa tumgeukie binti. Mwaka 2022 programu za akili bandia, au akili mnemba kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania, zilifunguliwa kwa umma ili kuchora picha kutokana na maneno matupu: DALL-E 2, Midjourney, Stable Diffusion. Zimelishwa picha kwa mamilioni, nyingi zikiwa za wachoraji ambao hawakuombwa idhini. Huandika sentensi moja, nayo hukuletea mchoro kwa nukta chache. Mwaka uliofuata kampuni ya Adobe, ambayo programu zake ndizo chombo cha kazi cha wasanifu wengi, ilileta akili bandia yake yenyewe. Na ripoti ya Jukwaa la Uchumi Duniani ya Januari 2025 imewaweka wasanifu wa michoro katika orodha ya kazi 15 zitakazopungua kwa kasi zaidi hadi mwaka 2030, pamoja na makarani wa posta na wa benki. (Ripoti hiyohiyo yasema kazi zitakazoongezeka zaidi kwa hesabu ya watu ni za mashambani. Tumesita kumpelekea baba wa Soin habari hiyo.)

Kwa hiyo hofu yake ina msingi. Kitakachokwenda kwanza ni kile tunachoweza kukiita kazi ya kilo: bango la haraka la mauzo, picha ya kupamba ukurasa, nembo ya bei rahisi ambayo mwenye duka hatazami mara mbili. Mnunuzi akisema "yatosha", msanifu hana la kujibu, kama mchumaji alivyokosa la kujibu.

Lakini zipo kazi ambazo "yatosha" haitoshi, na hapa hatuna budi kusimulia aibu yetu. Katika kuandaa bango la Ramadhani, tulifanya haraka na tukaiachia programu ituchoree, pamoja na maneno ya Kiarabu juu yake. Bango lilipendeza mno. Taa, kuba, mwezi mwandamo, rangi ya zari. Tulikuwa tukijiandaa kulipeleka kwa mchapaji alipopita mwalimu mmoja wa madrasa, akaliangalia, kisha akauliza kwa upole: "Hapa pameandikwa nini?" Hapakuwa pameandikwa kitu. Zilikuwa alama zilizofanana na herufi, zimeungana mahali pasipoungana, na nukta zimetawanywa kama ufuta juu ya mkate.

Programu za namna hii hazisomi. Huchora umbo la maandishi kama zichoravyo umbo la jani. Zimeendelea kuimarika, hasa kwa herufi za Kilatini, lakini khati ya Kiarabu haina msamaha. Nukta moja ikidondoka juu ya herufi ya kwanza, rahma yawa zahma, na kila mjuzi wa Kiswahili ajua umbali ulioko baina ya rehema na zahama. Fikirini basi kosa hilo likiwa ndani ya aya, nalo limebandikwa ukutani mwa msikiti. Nani ataulizwa? Mashine haiulizwi.

Leso zetu zina habari ya kufanana na hii. Zamani nguo hizo zilipigwa chapa kwa mkono, kwa vipande vya mbao. Kisha viwanda vya ng'ambo, vya Uingereza, Uholanzi, Uhindi na Japani, vikaichukua kazi hiyo, na mikono ya hapa ikaikosa. Lakini jina la leso, yale maneno yanayomfanya mwanamke ainunue au airudishe, halikuweza kutungwa na mtu wa ng'ambo asiyejua Kiswahili. Lilitoka kwa wafanyabiashara wa Mombasa na Zanzibar walioijua lugha na waliowajua wanunuzi wao. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo wengi hulijua kwa chapa ya Mali ya Abdulla, lilijenga sifa yake kwa maneno hayo.

Hivyo tulimjibu mama: mume wako ana haki ya kuogopa, na binti ana haki ya kusoma, ila si popote. Mafunzo ya miezi mitatu ya kubonyeza programu moja yasilipiwe hata shilingi. Hayo ndiyo mashine inayoyajua. Waulizeni wakuu wa chuo kama atafundishwa kuchora kwa mkono. Je, atajua herufi, za Kilatini na za Kiarabu? Ataingia katika karakana ya uchapaji aone jinsi rangi ya kioo cha kompyuta inavyobadilika ikifika kwenye karatasi? Je, atajifunza kupanga kurasa za programu za simu? Hilo ni muhimu, kwani ripoti tuliyoitaja imewaweka wasanifu wa kazi hiyo miongoni mwa wanaoongezeka kwa kasi. Na akili bandia yenyewe afundishwe, asije akakutana nayo kwa mwajiri kama mgeni. Ajue pia sheria: mahakama ya Marekani iliamua mwaka 2023 kwamba mchoro uliofanywa na mashine peke yake haupati hakimiliki nchini humo, jambo ambalo mwenye biashara atakaye nembo ya kujivunia hana budi kuambiwa.

Tuliongeza neno moja la nyumbani. Ng'ombe asiuzwe kwa ajili ya karo hii. Biashara hii yabadilika mno, na haifai nyumba nzima kuiegemea.

Barua ya pili imefika juzi. Baba amekubali kufuatana na binti hadi chuoni, akaulize mwenyewe. Maswali yetu ameyachukua, mama asema, lakini ameweka lake mbele ya yote: wanaohitimu hapo, wakishapata kazi, hulipwa mshahara, au hulipwa kwa kilo?