Je, Wajua? Gari Lililoungwa kwa Gundi

Lotus Elise ya Uingereza ilipotoka mwaka 1996, injini yake ilikuwa ya kawaida tu: lita 1.8, nguvu za farasi 118 hivi. Siri ya gari ilikuwa uzito mdogo, kilo zipatazo 720. Fremu ya alumini haikuchomelewa, iliungwa kwa gundi, kwani joto la kuchomelea hudhoofisha alumini na kumlazimu fundi atumie vipande vinene zaidi. Gari jepesi huchomoka upesi, husimama mapema ukikanyaga breki, na kwenye kona halitupwi nje kirahisi. Mwenye gari la kawaida anayetaka wepesi kama huo aanze na rimu nyepesi: tairi hufuata barabara vizuri zaidi, na shokapu hupumua. Bomba la moshi lenye kelele? Mara nyingi huongeza kelele tu.