Mtoto wa Mbwa Katika Ufukwe wa Matema

Mkazi wa Iyunga anayetamani ufukwe hana haja ya kuifuata Bahari ya Hindi. Akishika barabara kuu hadi Uyole na kukata kuelekea Tukuyu, atapita mashamba ya chai na migomba ya Rungwe, atateremka katika bonde la Kyela, na kwa njia ya Ipinda atafika Matema, mahali ambapo Milima ya Livingstone inasimama juu ya maji ya Ziwa Nyasa. Ameondoka kwenye kimo cha takriban mita 1,700 na sasa yuko chini ya mita 500. Wageni hupendelea kwenda huko wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Mwezi wa Machi na Aprili mvua ni nyingi, njia zina matope, na ufukwe hubaki kwa wavuvi na kwa akina mama wa Kikisi wanaouza vyungu. Kwa familia yenye mbwa kipindi hicho kina mvuto wake: mchanga ni mpana, na hakuna mgeni wa kulalamika mbwa akikimbia.

Iwapo mbwa huyo ni mchanga, safari inahitaji kuanza mapema zaidi ya siku ya kufunga mizigo.

Mbwa wa miezi miwili au mitatu huuma kila kitu. Huuma kamba, ndala, pindo za nguo na vidole vya watoto, na meno yake ya utoto ni makali mno. Watoto hucheka, mkwaruzo hupanguswa kwa kitambaa, na jambo huishia hapo. Mbwa mkubwa asiyejulikana akimuuma mtu, jamaa zake hushtuka na kukimbilia hospitali. Akiuma mtoto wa mbwa wa nyumbani, mara nyingi hakuna anayewaza kichaa cha mbwa. Virusi vya ugonjwa huo havichagui umri wa mbwa. Mbwa mchanga aliyeng'atwa na mama yake mgonjwa, au na mbwa mzururaji wa mtaani, huweza kuvibeba katika mate yake na kuvipitisha kwa mtoto anayecheza naye.

Kwa binadamu, dalili huonekana kwa kawaida baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, wakati mwingine baada ya muda mrefu zaidi. Zikishaonekana, tiba ya kuokoa maisha karibu haipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba takriban watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Inasikitisha zaidi kwa kuwa chanjo ya kumkinga aliyeumwa imekuwepo tangu Louis Pasteur alipoitumia kwa mara ya kwanza mwaka 1885.

Basi mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo kwanza. Kwa desturi huchanjwa anapotimiza miezi mitatu, ingawa katika kampeni za umma hata walio chini ya umri huo huchanjwa. Kinga haijengeki siku hiyo hiyo. Ni busara kuacha mwezi mzima upite kabla ya kumpeleka mahali penye mbwa wengi wasiofungwa, na vijiji vya ufukweni vina mbwa wa namna hiyo. Ambaye hajafikisha muda huo abaki Iyunga na jirani mwema. Kuchanja mbwa si kazi bure: kisiwani Pemba, ugonjwa huu ulitoweka baada ya kampeni za kuwachanja mbwa, na wataalamu huona kwamba wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo fulani, virusi hukosa njia ya kuenea.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa ufukweni, tiba ya kwanza iko karibu naye. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa mkononi, maana dakika 15 ni ndefu kuliko tunavyodhani. Kisha lipakwe iodini au spiriti. Lisipakwe majivu, mafuta wala pilipili. Baada ya hapo aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Si kila zahanati ina chanjo hii, hivyo ni vema kuuliza kabla ya kuondoka nyumbani ni hospitali gani ya njiani inayo. Chanjo ya ndani ya ngozi hutolewa siku ya 0, 3 na 7. Ikiwa jeraha limetoa damu, au mate yameingia kwenye kidonda, jichoni au mdomoni, mgonjwa huhitaji pia imunoglobulini. Ujauzito na umri mdogo si sababu ya kunyimwa chanjo.

Kwa wahudumu wenzetu: mkwaruzo usiotoa damu nao unastahili chanjo, na kauli ya mzazi kwamba "ni kambwa ketu tu" haitoshi kuufunga mjadala. Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira. Afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, huku mgonjwa akiendelea na dozi zake. Mbwa akibaki mzima hadi siku hizo ziishe, chanjo inaweza kusitishwa. Akifa, ofisa mifugo aarifiwe upesi.

Mchanga nao una habari zake. Watoto wa mbwa hupata minyoo ya safura ya mbwa kupitia maziwa ya mama yao, na mayai yakitoka na kinyesi huanguliwa katika mchanga wenye joto na unyevu, kama ulivyo Matema wakati wa mvua. Kiluwiluwi hupenya ngozi ya mguu mtupu. Mbwa apewe dawa ya minyoo kabla ya safari, kinyesi chake kiokotwe kwa mfuko badala ya kufukiwa, watu wavae ndala na kukalia mkeka. Chandarua kisisahauliwe, kwa kuwa Kyela ina malaria kuliko Mbeya mjini, na wenyeji waulizwe kuhusu kichocho na mamba kabla ya yeyote kuingia majini.

Siku au majuma kadhaa baada ya kurudi Iyunga, mtu akiona mstari mwekundu uliopindapinda mguuni, unaowasha na kusogea kila siku, aende kituoni na aeleze kuwa alikuwa ufukweni pamoja na mbwa. Albendazoli au ivamektini huumaliza. Bila maelezo hayo mstari huo huweza kudhaniwa kuwa fangasi, na mgonjwa akarudi nyumbani na krimu isiyomsaidia.