Glasgow iliyozama Unguja haikuwa ya Waingereza

Nafundisha huku bara, Kitale, na historia ya pwani hutufikia vipande vipande. Juzi kijana mmoja wa Bungoma aliniuliza: "Mwalimu, kwa nini Waingereza walizamisha meli yao wenyewe kule Unguja mwaka 1896?" Alikuwa amesoma kwamba Glasgow ilizamishwa na mizinga ya Kiingereza, kisha akakuta kwingine kuwa Glasgow ni manowari ya Uingereza. Yote mawili ni kweli, ila meli si moja.

Jeshi la majini la Uingereza hurithisha majina. Meli ikiuzwa au ikizama, jina lake huvishwa nyingine baadaye. Glasgow ya mbao, iliyoshushwa majini 1861, ilizuru Unguja 1873 ikampendeza Sultani Barghash bin Said. Kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeangamiza meli zake, basi akaagiza mpya kutoka Scotland, iliyoigwa na ile ya Waingereza. Ikaitwa Glasgow pia. Lakini hii ilikuwa mali ya Sultani, na bendera yake ilikuwa nyekundu.

Waingereza waliiuza yao mwaka 1884. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 hawakuwa na Glasgow hata moja. Iliyokuwa bandarini ni ya Unguja, upande wa Khalid bin Barghash. Ikaishambulia St George, manowari kubwa kuliko yenyewe kwa mbali, ikajibiwa na kuzama. Maji hayakuwa ya kina, milingoti ikabaki ikionekana miaka mingi. Watu hupenda kutaja kwamba vita vile havikufika hata saa moja, tena kwa kicheko. Mimi sicheki: Waunguja wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa.

Uingereza nako jina likaendelea: meli ya 1909 iliyopigana Coronel na Falkland mwaka 1914, nyingine ya 1936, nyingine iliyopigwa bomu Falkland mwaka 1982, na ya sasa iliyoshushwa majini 2022.

Kwa hiyo ukikuta Glasgow kitabuni, tazama herufi zilizotangulia. HMS ni ya mfalme au malkia wa Uingereza, HHS ni ya Sultani wetu. Herufi zikikosekana, uliza mwaka.