Je, Wajua? Herufi Nene Zisizo na Pembe

Je, wajua kuwa maneno "Manispaa ya Mpanda" yana herufi 16, na 6 kati yake ni a? Hakuna herufi inayotumika zaidi katika Kiswahili. Kwa hiyo ukichagua fonti nene ya mviringo kwa bango la huko mkoani Katavi, anza kwa kuikagua a ndogo. Mistari inaponenepa, tundu lake hubanwa. Rangi ikichuruzika kidogo, tundu linaziba, na anayesoma kutoka ng'ambo ya barabara anaona doa. Mchoraji anayeacha tundu hilo wazi, hata kama mstari unapungua unene hapo, anaijua kazi yake.

Je, wajua kuwa mviringo wa ncha za herufi mara nyingi huletwa na kifaa? Brashi ya duara huacha ncha ya duara yenyewe. Anayetaka pembe kali hurudia kwa brashi bapa. Mashine ya kuchonga vibao vya mbao ni hivyo hivyo: ncha yake ya kawaida inazunguka, haiwezi kuchimba kona kali ya ndani.

Je, wajua kwa nini herufi za stensili kwenye magunia zina mikato? Huachwa na vishikizo vyembamba vya kibao cha stensili; bila hivyo, kipande cha katikati ya O, A au B kingedondoka.

Je, wajua kuwa fonti ya VAG Rounded ilitengenezwa 1979 kwa ajili ya Volkswagen? Baadaye Apple iliitumia kwa miaka mingi kwenye vitufe vya kibodi zake. Fonti nyingine ya mviringo, Arial Rounded MT Bold, huja na Microsoft Office, ndiyo maana steshenari yoyote yenye programu hiyo yaweza kukuchapia kadi ya mchango wa harusi kwa herufi hizo bila kutafuta fonti nyingine. Inapendeza kwa jina la bwana na bibi harusi. Kwa maelezo marefu ya ukumbi na saa, inachosha macho.

Je, wajua kuwa Japani huandika vibao vyake vingi vya barabarani kwa mtindo huu wa mviringo? Hata maandishi ya Kijapani ubavuni mwa Hiace zinazofika kwetu wakati mwingine yana ncha za duara.

Je, wajua kuwa usiku unene unaweza kudhuru? Taa za lori zikipiga kibao kinachoakisi mwanga, kama njiani kati ya Mpanda na Sitalike, mng'ao hutapakaa na kuyajaza matundu ya herufi. Marekani ilijaribu kulitatua tatizo hilo kwa fonti ya Clearview, yenye matundu mapana, iliyoruhusiwa barabarani 2004.

Kabla hujamlipa mchora bango, mwambie aandike "Baraza la Kata" kwa herufi ndogo, uvuke barabara, ukazihesabu a. Ziko sita, na kila moja iwe na tundu.