Diplome iko mkononi, lakini klavia haijulikane

Mwaka ule nilipopata diplome yangu ya Serikali, niliona tangazo la kazi kwenye valve ya ofisi moja. Nikapeleka dosie: barua, CV, kopi ya diplome na kopi ya karte ya uchaguzi. Wakaniita kwa testi. Nilifikiri ni maswali ya kujibu kwa karatasi, kama Exetat. Hapana. Kila mtu alikalishwa mbele ya ordinateri, na wakatuambia: andikeni barua hii, muitume kwa e-mail, muko na dakika 30.

Mimi nilikuwa nimesoma informatike miaka miwili. Nilijua kwa kichwa majina ya sehemu zote za ordinateri. Lakini mashine yenyewe nilikuwa nimeigusa mara mbili tu. Dakika 30 ziliisha ningali natafuta alama ya @.

Vijana wengi wa kwetu wanapitia hapo. Ndiyo maana tumetaka kueleza: shida iko wapi, na shule inaweza kufanya nini hata kama uwezo ni kidogo?

Somo liko, mashine haiko

Somo lenyewe si jipya. Katika programu mpya za kilasi ya 7 na ya 8, zilizoanza 2018, teknolojia ya habari na mawasiliano imewekwa pamoja na fizike. Wale wa opsyo ya Commerciale et Gestion nao wanasoma informatike. Kwa karatasi, kila kitu kiko sawa.

Lakini shule nyingi hazina mashine, na zenye kuwa nazo mara nyingi hazina moto. Basi mwalimu anachora klavia kwa ubao, wanafunzi wanaikopia katika kayé, na siku ya egzame wanaichora tena. Mtoto anapata pointi 18 kwa 20, na bado hajue kufungua mashine.

Tena kuko mtego mwingine. Klavia tunayochora kwa ubao ni AZERTY, ile ya Kifaransa. Lakini mashine nyingi za okazyo zinazofika kwetu kutoka Kampala ao Dubai ziko na klavia ya Kiingereza, QWERTY. Hapo A na Q zimebadilishana mahali, Z na W vilevile. Kwenye AZERTY, @ inatoka ukifinya AltGr pamoja na 0. Kwenye QWERTY ya Kimarekani, ni Shift pamoja na 2. Ni kitu kidogo, lakini kinaweza kukukosesha kazi. Mwalimu aonyeshe zote mbili.

Mashine 5 kwa wanafunzi 45

Shule haina lazima ya kungoja sale kubwa yenye mashine 40. Tufanye hesabu. Kilasi ya watoto 45 inagawanywa mara tatu. Watoto 15 wanaingia, watatu kwa kila mashine: mmoja anaandika, wa pili anamsomea, wa tatu anaangalia makosa. Kila dakika 15 wanabadilishana. Katika saa moja ya masomo, ya dakika 45, kila mtoto amegusa klavia. Ukifanya hivyo mara moja kwa juma, kwa majuma 30, inakuwa zaidi ya saa 7 kwa mwaka. Ni kidogo, lakini mimi nilimaliza shule bila hata saa moja.

Mwalimu alinde zamu hizo. Asipoangalia, wavulana ndio wanashika mashine, wasichana wanabaki nyuma wakitazama.

Na moto je? Ordinateri ndogo ya kubeba inakula karibu wati 50, chini sana kuliko zile kubwa za mezani. Mashine 5 ni wati 250. Kwa saa 3 ni wati-saa 750. Batri moja ya voti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, lakini haifai kuimaliza kupita nusu, la sivyo inakufa haraka. Kwa hiyo batri mbili na pano za jua zinatosha kwa kuanza. Intaneti si lazima kila siku: LibreOffice ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Kwa Kiwix, Wikipedia inateremshwa mara moja, kisha watoto wanaisoma bila kununua mega.

Kufundisha nini?

Matangazo mengi ya kazi yanarudia vitu vilevile: Word, Excel, e-mail. Mtoto ajue kuandika barua safi, kuiweka mahali atakapoikuta tena, kuitia kwenye kle USB, na kuituma. Kwa Excel, tuanze na mambo ya nyumbani. Mama anauza maharagi: safu moja bei, safu nyingine kilo ngapi, ya tatu mashine izidishe yenyewe. Ukiandika =SOMME(D2:D10), jumla inatoka. Mtoto akiona hesabu ya mama yake kwenye ekra, hatasahau.

Kazi inaomba zaidi ya mashine

CV ya mtu aliyetoka shuleni iwe ukurasa mmoja, bila uongo. Wengi wanalipa mtu wa sekretaria awatungie, kisha mbele ya jury hawajue kilichoandikwa. Adresi ya e-mail iwe na jina lako, si jina la mchezo. Staje, hata ya mwezi mmoja, uombe atestasyo. Anayetaka ufundi ajue kuko INPP, taasisi ya Serikali ya kutayarisha watu kwa kazi, iliyoundwa 1964. Na ONEM ndiyo inaandikisha wanaotafuta kazi.

Shule iseme pia yale ambayo tunaogopa kusema. Anayekuomba pesa ili upate kazi, huyo ni mwizi. Anayekudai sehemu ya mshahara kila mwezi, ile tunaita "opération retour", naye anakula jasho lako. Na msichana anayeambiwa kazi iko lakini kwanza akubali mambo mengine, ajue kwamba aibu si yake.

Wazazi, kwenye mkutano wa shule tunauliza sana bei ya minerval. Mara ijayo tuulize na hili: mtoto wangu ameshika klavia mara ngapi mwaka huu? Prefe akijibu kwamba mashine zimefungwa katika biro yake ili zisiharibike, tumwambie kwa heshima kwamba mashine ambayo watoto hawaigusi, imekwisha kuharibika.