Je, Wajua? Diski Moja, Seva Nyingi

Je, wajua kwamba seva iliyokufa kabisa haimtishi fundi kama iliyozimia nusu? Iliyokufa haiandiki kitu. Iliyozimia inaweza kuzinduka baada ya dakika moja, ikadhani zamu bado ni yake, ikaandika juu ya kazi ya wenzake. Karibu kanuni zote za klasta yenye diski ya pamoja, yaani mashine kadhaa zinazosoma na kuandika kwenye hifadhi ileile kwa wakati mmoja, zimewekwa kwa kuihofia hiyo iliyozimia.

Je, wajua kwamba ext4, mfumo wa faili unaotumika kwenye seva nyingi za Linux, haukuundwa kwa mashine mbili kwa pamoja? Chukua uwanja wa TP Mazembe hapa Kamalondo, Lubumbashi, siku ya mechi: wauza tiketi wawili, kila mmoja ana daftari lake la viti, na hawaulizani. Kiti kimoja kitauzwa mara mbili. Ndivyo seva mbili zinavyogawia faili tofauti kipande kilekile cha diski. Siku hiyo hakuna anayegundua. Baadaye daktari anafungua faili ya mgonjwa, anakuta ndani yake vipande vya ankara ya mtu mwingine.

Je, wajua kwamba dawa yake imo ndani ya Linux tangu 2006? Mwaka huo OCFS2 na GFS2, mifumo ya faili ya klasta, ziliingizwa kwenye kerneli. Zote mbili huilazimu mashine kuomba kufuli kabla ya kugusa faili.

Je, wajua kwamba seva ya OCFS2 ikijiwasha upya ghafla, mara nyingi imetii kanuni tu? Kila mashine huweka alama yake kwenye diski kila baada ya sekunde 2. Kwa mpangilio wa kawaida, alama ikikosekana kwa sekunde 60, wenzake huihesabu kuwa imekufa; na yenyewe ikiona imeshindwa kuandika, hujiwasha upya ili isilete madhara. Kwa hiyo usikimbilie kubadilisha RAM. Kagua njia ya kwenda kwenye diski: kebo, swichi, kabati la diski. Kuongeza hizo sekunde bila kuipima njia ni kuahirisha ugonjwa.

Je, wajua kwamba seva 2 ndiyo idadi ngumu kuliko zote? Katika seva 5, zikibaki 3 zina akidi, zinaendelea na kazi. Katika 2, mtandao ukikatika, kila moja humwona mwenzake amekufa. Weka mpiga kura wa tatu. Kompyuta ndogo isiyogusa diski kabisa inatosha.

Je, wajua kwamba delestaji, yaani mgao wa umeme, inaweza kuigandisha hata seva nzima iliyobaki na umeme? Hapa tukae kidogo, maana sisi wa Lubumbashi jambo hili linatuhusu sana. Mashine moja ikitoweka, iliyobaki hairuhusiwi kuendelea mpaka ihakikishe kwamba mwenzake amezimwa kweli. Huagiza azimwe kupitia kadi ndogo ya usimamizi iliyomo ndani ya seva ile. Lakini kadi hiyo hula umeme wa kebo ileile ya seva. Betri ya akiba ikiisha, seva na kadi vyote vinanyamaza. Amri inatumwa, jibu halirudi. Inatumwa tena, kimya. Mashine nzima haina namna ya kujua kama mwenzake amezimika au amepotea mtandaoni tu huku anaandika. Basi inafunga kila kitu na kungoja. Watumiaji wanapiga simu kwamba klasta imekufa, kumbe inalinda data zao. Tiba ni njia ya pili ya kuzima: soketi za umeme zinazoongozwa kwa mtandao, zinazolishwa na chanzo kingine. Na ukitaka kuiambia klasta kwa mkono kwamba seva fulani imekufa, nenda kwanza hadi ilipo, uchomoe kebo, uione kwa macho.

Je, wajua kwamba programu iliyokwama ikingoja diski haiuliki hata kwa kill -9? Baada ya sekunde 120 kerneli huandika onyo lenye jina lake. Wengi humlaumu aliyetajwa. Huyo ni mwathirika; anayeshika kufuli huenda yuko kwenye mashine nyingine. Kusanya logi za mashine zote.

Je, wajua kwamba Kongo ina majira mawili ya saa? Kinshasa ikiwa saa tatu, Lubumbashi ni saa nne. Ukilinganisha logi za seva za miji hiyo miwili bila kukumbuka hilo, utadhani matokeo yametangulia chanzo. Weka logi zote kwenye UTC.

Je, wajua kwamba kuendesha fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, huku mashine nyingine bado inatumia diski ile kunaua zaidi ya hitilafu yenyewe? Ondoa mfumo wa faili kwenye mashine zote kwanza. Zote.

Je, wajua kwamba kuna njia isiyohitaji diski ya pamoja? ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo jijini Nairobi, imetumia GlusterFS, ambayo inaweza kunakili faili kwenye seva kadhaa. Ugonjwa wake ni nakala mbili kugombana ipi sahihi.

Je, wajua kwamba nakala kwenye klasta si akiba? Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto kilipoteza takriban terabaiti 77, faili milioni 34 hivi, kwa sababu skripti ya kuhifadhi akiba ilibadilishwa wakati inaendelea kufanya kazi, ikafuta faili. Klasta hutii amri ya kufuta kwa uaminifu uleule inaotii ya kuhifadhi.

Je, wajua kwamba mistari ya mwisho kabla ya seva kuanguka mara nyingi haifiki kwenye logi? Diski imeshaganda, kwa hiyo hubaki kwenye skrini peke yake. Washa kdump leo, seva zikiwa nzima, ili kumbukumbu ya kerneli ihifadhiwe inapoanguka, kwenye diski ya ndani na si ile ya pamoja. Na kabla hujabonyeza kitufe cha kuwasha upya, ndugu fundi, toa simu mfukoni uipige picha skrini hiyo.