Uchovu wa Jembe na Uchovu wa Kalamu

Mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni, miteremko ya Umatengo wilayani Mbinga hujaa watu wanaochimba ngoro. Nyasi hufyekwa na kuachwa zinyauke, kisha hupangwa kwa mistari inayokatana, zikafanya vyumba vya mraba. Udongo wa katikati ya kila chumba huchimbwa na kutupwa juu ya nyasi, hata pakabaki shimo lililozungukwa na matuta, na maharage hupandwa juu ya matuta hayo. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi. Kuchimba na kufukia ni kazi ya wanawake. Mwanamke aliyeinama mlimani tangu asubuhi hurudi jioni mgongo ukimuuma na viganja vikiwaka moto. Akila na kulala, huamka na nguvu, ingawa si zote.

Mumewe, mathalan, ni karani wa chama cha ushirika, na siku hiyo amelinganisha hesabu za wakulima wa kahawa tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Hakuinua kitu kizito kuliko faili. Hata hivyo amefika nyumbani hoi: kichwa kizito, shingo imekaza, watoto wakiuliza jambo dogo anafoka, na usiku usingizi hauji. Mkewe anamuuliza, "Baba watoto, umeshinda kivulini, umechokeshwa na nini?"

Swali hilo lina kejeli ndani yake, lakini pia ni swali la kitabibu, na limeulizwa kwa muda mrefu. Mwaka 1891 Angelo Mosso, mtaalamu wa fiziolojia mjini Torino, Italia, alichapisha kitabu juu ya uchovu. Alikuwa ameunda chombo cha kupima nguvu za kidole kinachoinua uzito tena na tena. Wenzake waliposhinda wakiwatahini wanafunzi, kidole kilichoka upesi kuliko kawaida, ingawa kazi yao ilikuwa ya kuketi na kuuliza. Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake waliwapa watu 16 kazi ya kukaza akili kwa dakika 90, kisha wakawapandisha kwenye baiskeli ya mazoezi. Walivumilia kwa wastani wa sekunde 640. Siku waliyotazama filamu tu walivumilia sekunde 754. Moyo na misuli havikuonyesha tofauti ya kuieleza hali hiyo. Kilichobadilika ni namna walivyoihisi kazi: iliwaelemea mapema.

Basi karani hadanganyi. Lakini uchovu wake si ule wa mkewe. Misuli ya mwenye jembe imetumia akiba yake ya sukari, nyuzi zake zimechanika kidogokidogo, na mwili umepoteza maji na chumvi. Chakula, maji na usingizi hurekebisha hayo. Ubongo, kwa upande wake, hutumia karibu moja ya tano ya nishati ya mwili hata mtu akiwa ametulia, na kufikiri kwa bidii huongeza kidogo tu. Utafiti uliofanyika Paris na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kazi ngumu ya akili ya zaidi ya saa sita hulimbikiza kemikali iitwayo glutameti katika sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kujizuia na kuamua. Ni dalili, bado si hitimisho. Lakini inaafikiana na karani anayefoka jioni. Tena ngoro huhesabika, na ya mwisho ikichimbwa mtu hujua amemaliza. Hesabu za ofisini humfuata karani kitandani kwa njia ya simu.

Ukishuka kutoka milimani hadi ufukweni, Mbamba Bay au Liuli, mgawanyo huo wa jembe na kalamu hupungua makali. Mvuvi wa usipa hukesha ziwani na taa zake, akivuta nyavu huku akiutega sikio upepo. Amechoka mikono, amechoka akili, na saa ya mwili wake imepinduliwa. Muuguzi wa zahanati naye husimama kutwa nzima, kisha huketi kujaza vitabu vya MTUHA.

Hatari huanza pale wagonjwa hawa wote wanapopewa jibu moja: "Ni kazi nyingi, pumzika." Karani akilipokea, hutoka kwenye kiti cha ofisi akahamia kiti cha nyumbani. Tangu mwaka 1953, Jerry Morris alipoonyesha kwamba madereva wa mabasi ya London waliugua moyo kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi, kukaa kumejulikana kuwa hatari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa karani, kutembea kwa haraka jioni ni sehemu ya tiba. Kumpa ushauri huohuo mama wa ngoro ni kumdhihaki; yeye anahitaji nafasi ya kupumzika, na kazi nzito ya kutwa bila nafasi hiyo haimkingi moyo kama mazoezi yanavyofanya.

Jibu hilo humdhuru yeye hata zaidi, kwa kuwa jembe huficha ugonjwa. Uchovu usioondoka baada ya kulala usiku kadhaa, kuhema akipanda mlima aliouzoea, au moyo kwenda mbio, hudai kipimo cha damu. Upungufu wa damu unaweza kutokana na malaria, minyoo, hedhi nyingi, au ujauzito usiotajwa. Kandokando ya Ziwa Nyasa kichocho kiulizwe, na mkojo upimwe. Kikohozi na kukonda huelekeza kwenye kifua kikuu. Kwa karani, shinikizo la damu na sukari vipimwe kabla ya kulaumu ofisi. Na asiyefurahia tena lolote kwa wiki mbili au zaidi aulizwe kwa upole juu ya sonona.

Wote wawili waulizwe pia wanameza nini. Diklofenaki ya kila jioni, inayonunuliwa dukani ili mgongo ukubali kulima kesho, huumiza tumbo na figo na kupandisha shinikizo la damu.

Jumamosi karani huenda shambani na mkewe kupalilia kahawa. Jioni mabega yanamuuma, viganja vimetoka malengelenge, na usingizi unamchukua akiwa bado kwenye mkeka. Mkewe, aliyelima naye tangu asubuhi, yuko jikoni anakoka moto.